Kompyuta Imegoma, Tuulize Nini Kwanza?

Tafakari ya wiki
Somo: Yohana 9:1–23



Siku kompyuta ya ofisi ya usharika inapogoma kuwaka, lipo swali linalotangulia mengine yote. Halihusu waya wala umeme. Ni hili: "Nani aliitumia mara ya mwisho?" Mhazini anamtazama karani. Karani anakumbuka kwamba jana jioni vijana wa kwaya waliingia kuchapa nyimbo. Vijana wanasema waliiacha nzima kabisa, tena walipotoka mwinjilisti alikuwa bado amekaa mezani. Nusu saa inapita, kesi imeshafika mbali, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia kama plagi imeingia sawasawa kwenye soketi.

Wiki hii nawaalika tulichunguze swali hilo, maana halitoki kinywani mwetu ofisini tu. Linatutoka pia mtoto anapofeli, hesabu za kikundi zinapopishana, na ndoa inapotikisika.

Katika somo letu Yesu na wanafunzi wake wanapita, wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, mtu aliyezoea kuketi na kuomba. Wanafunzi hawamsalimu, hawamuulizi shida yake. Wanamgeukia mwalimu wao wakitaka kujua dhambi ni ya nani, ya mtu huyo au ya wazazi wake. Hebu tulipime swali lenyewe: mtu aliyezaliwa hivyo angekosa lini? Lakini walivyokuwa wamezoea kufikiri, penye shida lazima apatikane mkosaji. Yesu anakataa majibu yote mawili, kisha anaanza kazi. Anatema mate chini, anafanya tope, anampaka machoni, anamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Mtu yule anakwenda, ananawa, anarudi anaona.

Wengi tunaishia hapo tukifunga Biblia kwa furaha. Tuendelee kidogo. Uponyaji ulifanyika siku ya Sabato, basi uchunguzi unaanza. Mafarisayo wanauliza maswali mengi, ila hukumu wanayo tayari. Wanaitwa wazazi. Wazazi wanakiri kwamba huyo ni mtoto wao na kwamba alizaliwa haoni. Wakiulizwa amepataje kuona, wanarudi nyuma: mwenyewe ni mtu mzima, basi aulizwe yeye. Yohana anatueleza kwa nini walijibu vile. Waliogopa kutengwa na sinagogi. Tazameni msiba huo: muujiza umeingia nyumbani kwao, mtoto wao anaona kwa mara ya kwanza, nao hawawezi hata kuufurahia mbele za watu. Panapotafutwa wa kulaumiwa, hata mwenye habari njema hunyamaza.

Fundi kompyuta mzuri anajua jambo hili hata kama hajapata kuhubiri. Akiitwa ofisini, anaanza kwa kuuliza habari za mashine. Ilikuwa inafanya nini kabla ya kuzima? Umeme ulikatika? Taa ya mbele inawaka? Feni inazunguka? Inalia mlio wowote? Kuna kitu kipya kilichochomekwa? Kila swali kati ya hayo linamhitaji shahidi, na shahidi bora ni yule yule aliyekuwa amekaa kwenye kiti. Sasa kama mtu huyo anajua kwamba akifungua kinywa atalipishwa au atasemwa kwenye kikao cha wazee, atajibu jibu ambalo ofisi zetu zote zinalifahamu: "Mimi nimeikuta hivyo." Fundi naye atafanya kazi gizani, na bili itakuwa kubwa zaidi.

Nitoe mfano ulio karibu. Kijana amefuta kwa bahati mbaya faili la orodha ya washarika. Mara nyingi faili hilo halijaenda mbali, liko kwenye pipa la taka la kompyuta, na kulirudisha ni kazi ya dakika moja. Hata likiondolewa humo, diski ngumu zile zinazozunguka hazifuti maandishi papo hapo. Kompyuta inaweka tu alama kwamba nafasi ile sasa iko wazi, na maandishi yenyewe yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kijana akisema siku hiyo hiyo na mashine ikaachwa bila kutumika, fundi ana nafasi nzuri ya kulipata. Akinyamaza wiki nzima kwa hofu, huku matangazo, ratiba na picha za harusi vikiendelea kuhifadhiwa humo, orodha inafunikwa kidogo kidogo mpaka inapotea kweli.

Ni vivyo hivyo kwa virusi vya kwenye flashi. Kuna aina inayoficha mafolda yako na kuweka njia za mkato mahali pake, nawe ukidhani kazi yako imefutika. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Mtu akisema mapema, mashine inasafishwa na mafaili yanaonekana tena. Akificha, flashi ya kwaya inakwenda kwa wanawake, ya wanawake inakwenda mtaani, na mwisho wa mwezi usharika wote unaumwa.

Ndugu zangu, tumezoea kufundisha kwamba aliyekosa anapaswa kuungama. Ni kweli. Lakini tumejiuliza mara ngapi kama sisi tunaomsubiri aungame tumemwachia njia ya kupita? Ungamo la mapema linaokoa mengi, nalo huja pale ambapo mtu anaamini kwamba akisema ukweli atasaidiwa kuutengeneza.

Ipo lawama nyingine, na hii ni ya kwetu sisi watu wa kanisa. Jumapili, katikati ya sifa, kompyuta inayoonyesha maneno ya nyimbo ukutani inajizima. Kabla mtu wa mitambo hajafika mezani, mmoja wetu ameshaanza kukemea. Mimi naamini yuko adui wa roho zetu, na somo hili si la kumkanusha. Lakini kompyuta inayojizima baada ya muda fulani, ukiiacha ipoe ikawaka vizuri kisha ikajizima tena, kwa kawaida inasumbuliwa na joto. Vumbi la kiangazi limejaa kwenye feni na kwenye vipande vya chuma vinavyopoza kichakataji, hewa haipiti, joto linapanda, na mashine inajikatia umeme ili isiungue. Inafanya kile hasa ilichoundwa kufanya. Tukimsingizia shetani vumbi ambalo sisi tulishindwa kulifuta, tunampa heshima asiyostahili, na feni inabaki chafu.

Tena kuna jambo la imani hapa. Dunia aliyoiumba Mungu ina utaratibu. Joto likizidi, chuma kinaonyesha, na waya ukilegea, umeme haupiti, leo kama jana, kwa mcha Mungu na kwa asiye mcha Mungu. Utaratibu huo ni sehemu ya uaminifu wake kwetu. Kwa hiyo mtu anayechukua tochi na kuinama chini ya meza kutafuta chanzo hajapungukiwa imani. Anauheshimu ulimwengu jinsi Muumba alivyoupanga.

Tukikosa mtu na tukikosa pepo, tunailaumu mashine. Historia ya nchi yetu, Tanzania, inalo tukio la kutufanya tufikiri. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, nchi ikiwa changa kabisa. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika hesabu za serikali zilizokuwa zimehamishiwa kwenye kompyuta, serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na miaka ikapita kabla ya mlango kufunguliwa tena. Hatukukaa kwenye viti vya wazee wale, wala hatukubeba mizigo yao, kwa hiyo tusiwahukumu. Hata hivyo tunaona jinsi lawama inavyoweza kuishia kwenye chombo, huku maswali magumu zaidi, kama vile nani alifundishwa kukitumia na takwimu zilihakikiwaje, yakisubiri siku nyingine.

Basi tutafuteje? Mafundi wana mwendo wao, na ni mwendo wa unyenyekevu. Wanaanza nje kwenda ndani, na kwenye jepesi kwenda kwenye zito. Soketi ina umeme? Chomeka chaja ya simu uone. Umeme wa LUKU umeisha? UPS imewashwa? Plagi yetu ya miguu mitatu bapa ina fyuzi ndani yake, nayo ikiungua kompyuta nzima kabisa itaonekana maiti. Monita ina waya wake wa umeme na kitufe chake, na kompyuta nyingi zilizotangazwa kufa zilikuwa hai, monita ndiyo iliyozimwa. Mashine ikiwaka huku kioo kikiwa cheusi na mlio ukijirudia, huenda kadi ya RAM imelegea au migusano yake imeshika uchafu. Basi zima, chomoa umeme, fungua, itoe kadi taratibu, isafishe, irudishe mpaka vishikizo vyake vilie.

Katika hayo yote kuna sharti moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vinne kwa pamoja na mashine ikawaka, hutajua ulichotibu, na ikigoma tena utaanza upya. Nadhani wanandoa wanaoamua siku moja, kwa hasira, kuhama nyumba, kubadili kazi na kukata undugu na mashemeji wangefaidika na sharti hili.

Mwendo huo unahitajika kwa sababu dalili huonekana mahali pamoja na chanzo kikawa pengine kabisa. Asubuhi moja kompyuta inakataa kufungua barua pepe na tovuti ya benki, inatoa onyo kwamba mawasiliano si salama. Wote wanasema intaneti mbovu, wengine wanasema kifurushi kimeisha. Mwenye macho anatazama pembeni mwa kioo na kuona tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Tovuti hizo hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani bado ni miaka ile inaviona kuwa ni vya wakati ambao haujafika. Na kwa nini saa imepotea? Ndani, kwenye ubao mkuu, kuna betri ndogo ya duara, volti 3, iitwayo CR2032. Ndiyo inayotunza saa umeme unapokuwa haupo, nayo imekwisha. Mtu angelipia kifurushi kipya na kumgombeza karani, na shida ingebaki pale pale.

Kwa watu mambo huwa hivyo pia. Mtoto anakuwa mkorofi shuleni, kumbe nyumbani hakuliki usiku. Mzee wa kanisa anakuwa mkali kikaoni, kumbe amepokea majibu ya hospitali ambayo hajamwambia mtu. Tukimshika mtu pale dalili ilipoonekana na kumhukumu hapo hapo, tutakuwa tumemwadhibu kwa sababu tu alikuwa karibu.

Wapo waliotafuta chanzo bila kumtafuta mtu. Tarehe 9 Septemba 1947, wataalamu waliokuwa wakifanya kazi na kompyuta kubwa iitwayo Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuta nondo amenasa ndani ya swichi mojawapo ya mashine. Walimtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi la siku hiyo, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, jijini Washington. Watu hulisimulia tukio hilo kwa sababu ya nondo. Mimi linanigusa kwa sababu nyingine. Katika mstari ule kuna saa, kuna namba ya swichi, kuna mdudu mwenyewe kama ushahidi. Hakuna jina la mtu wa kulaumiwa. Waliandika kilichotokea ili atakayekuja baada yao ajue, wakaendelea na kazi.

Kutokutafuta wa kulaumiwa hakumaanishi kuacha mambo yaende ovyo. Kinyume chake, anayejua kwamba binadamu hukosea hujipanga mapema. Tunapopokea kompyuta iliyotumika, hasa iliyotoka nchi kama Marekani, tuangalie nyuma ya boksi kabla ya kuchomeka. Mashine za zamani zina swichi ndogo yenye namba 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kupewa umeme wetu wa volti 230, inaungua papo hapo. Hapo atalaumiwa kijana aliyejitolea kuisimika, wakati hakuna aliyempa maelezo. Tuiweke mbali na dirisha la mvua, tusiibane ukutani, hewa ipite. Tuwe na UPS, ambayo kazi yake ni kutupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Kama bado inatumia Windows 10, tujue kwamba Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida ya marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine iliyoachwa bila kinga ikiambukizwa, kosa si la mwenye flashi peke yake.

Kisha kuna nakala za akiba. Wenye ujuzi wanashauri nakala tatu za kila kitu muhimu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Rejista ya ubatizo na ya ndoa, hesabu za sadaka, orodha ya washarika, vyote vinastahili hivyo. Anayetunza nakala amekubali kwamba siku moja mtu mwema atabonyeza kitufe kisicho chake, au mwizi ataingia, au diski itachoka. Hakusubiri kosa litokee ndipo aanze kuwa mpole. Hata ibada yetu imepangwa hivyo. Tunaanza na ungamo la dhambi kila Jumapili, hata wiki ambayo hakuna aliyekamatwa na lolote, kwa sababu kanisa limekubali tangu zamani kwamba msamaha utahitajika, likauweka mlangoni.

Najua swali la baadhi yenu. Je, hakuna wakati wa kumtaja mtu? Upo. Fedha za sadaka zikihamishwa kwa nywila ya mtu, au kumbukumbu zikifutwa kwa makusudi ili kuficha jambo, usharika una haki ya kujua. Ndiyo maana kila mtumiaji anapaswa kuwa na akaunti yake na nywila yake, isiyobandikwa kwenye monita, na daftari la hesabu lisikae mahali pamoja na kazi za kwaya. Mpango huo unamlinda zaidi asiye na hatia, kwa kuwa hatabebeshwa lisilo lake. Nathani alikwenda kwa Mfalme Daudi na kumwambia kosa lake usoni, kama tunavyosoma katika 2 Samweli 12. Lakini Nathani hakwenda kubahatisha. Ukweli ulikuwa umejulikana, na alikwenda kumrudisha mtu kwa Mungu wake. Kumtaja mtu ni hatua ya baadaye, ikishajulikana nini kimetokea, na lengo lake ni kurejesha kilichoharibika pamoja na aliyekiharibu.

Tatizo letu ni kwamba tunaiweka hatua hiyo mwanzoni. Kikombe kikivunjika jikoni, kabla ya kuangalia kama kuna aliyejikata, tunamwita dada wa kazi. Kikundi cha kuweka na kukopa kikikuta fedha hazilingani, tunamwita mweka hazina mwizi kabla ya kujumlisha upya. Baba anafika nyumbani, anasikia matokeo ya mitihani, anamuuliza mama mtoto "wako" amefanya nini. Watoto wanajifunza upesi. Wakifikia umri wa kupata matatizo makubwa, ya mimba, ya madeni, ya ulevi, wanakuwa wameshaijua nyumba yao, na sisi tunakuwa watu wa mwisho kupata habari.

Yesu aliposimama mbele ya mtu yule asiyeona, wakati wa kulaumu ulikuwepo na watu wa kulaumiwa walikwisha kupendekezwa. Alichagua kuinama kwenye vumbi na kufanya tope. Wanaomfuata hawana budi kuwa tayari kuchafua mikono kabla ya kunyoosha kidole.

Kwa wiki hii

Kila ofisi, kila mtaa na kila kikundi chenye kompyuta kiweke daftari la kawaida kando yake. Tatizo likitokea, iandikwe tarehe, kilichoonekana, kilichojaribiwa, na kilichofaulu. Tusiandike shutuma humo.

Nyumbani, kitu kikiharibika au habari mbaya ikiletwa, swali letu la kwanza liwe kuhusu kilichotokea na aliyeumia. Aliyeleta habari mwenyewe tumshukuru kwanza, hata kama tutakuwa na mazungumzo magumu baadaye.

Na kama yupo aliyekuwa akinyamaza juu ya jambo kwa sababu anatuogopa, iwe kuhusu faili lililopotea au jambo zito kuliko hilo, nawaomba wazee wa kanisa, mwinjilisti na mimi mwenyewe tuwe watu wanaoweza kuendewa wiki hii.

Tuombe

Ee Bwana, ulimwona mtu ambaye wengine waliona dhambi tu. Utupe subira ya kutafuta chanzo cha mambo, na ujasiri wa kusema ukweli mapema. Wabariki mafundi na wote wanaotengeneza vilivyoharibika. Uziponye nyumba ambazo watu wake wanaogopana. Na pale sisi ndio tuliokosa, utupe neno la kuanzia na mtu wa kumwambia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.